Tundu la Koti la Babu Askari

Koti la Babu Askari lilifika dukani Jumatano asubuhi, limeviringishwa kwenye shuka safi, mikononi mwa shangazi aliyekataa katakata kulitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Hili halijafa," alisema, akajiketisha kwenye stuli ya wateja bila kungoja kukaribishwa. "Liweke mezani taratibu, kama unavyomlaza mtu."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Kiraka cha kifuani kinafumka, kishone upya. Koti liwe tayari Jumamosi, daftari nalo liwe tayari Jumamosi. Na wewe ule."

Mwenye duka alikuwa fundi cherehani, kama baba yake aliyemfundisha kazi humohumo ndani, kwenye chumba chenye cherehani mbili na dirisha moja. Cherehani ya baba ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu alipofariki, miezi minne sasa. Wateja walikuwa wakiitazama, kisha wanazungumzia mambo ya pindo.

Jumamosi ukoo mzima ungekusanyika kwa shangazi. Koti lingetundikwa ukutani ndani ya kioo, na daftari la baba lingesomwa kwa sauti. Kwenye daftari hilo baba alikuwa akiandika habari za babu yake, askari wa karne ya kumi na tisa, na za mke wa askari huyo, aliyekuwa dobi wa kambi. Aliandika kama alivyoshona, polepole na bila kufuta. "Babu yetu aliingia jeshini karne ikikaribia kwisha," ndivyo ilivyoanza, "akiwa na meno yote na hana kiatu hata kimoja." Alieleza jinsi askari huyo alivyopeleka koti lake kwa dobi mara tatu ndani ya wiki moja, hadi dobi akamuuliza kama anafulisha koti au anatafuta mke. Alieleza watoto waliozaliwa, nyumba walizohama, na sufuria iliyohama nao kila mara.

Ukurasa wa thelathini na moja uliishia hivi: "Koti lake lina tundu kifuani, upande wa kushoto. Tundu hilo". Basi. Hata nukta hakuna.

Kila mtu katika ukoo alijua tundu hilo ni la nini. Ni la risasi. Watoto walikua wakipokezana kulitia kidole juu ya kiraka. Lakini baba alikaa mwaka mzima kwenye sentensi hiyo, na akiulizwa anasema, "Kesho nitamalizia." Alipolazwa hospitali alimpa binti yake, fundi huyu, daftari. "Malizia wewe." Naye akaahidi.

Kumalizia sentensi moja kusingemshinda. Kilichomshinda ni kulifungua daftari, kwa sababu kila alipoliona aliikumbuka siku ya mwisho.

Siku hiyo baba alijishika kifua akasema, "Risasi ya Babu inaniuma." Huo ulikuwa utani wake wa siku zote. Nyumbani maana yake ilikuwa anataka chai. Binti akacheka kidogo, akamwekea mto vizuri. Kisha baba akasema, "Niletee pasi."

"Baba, hapa ni hospitali. Hakuna nguo za kupiga pasi."

"Niletee pasi," alirudia, akimkazia macho kama mtu anayengoja kitu.

"Haya, lala sasa. Lala."

Akageuza uso. Hakusema neno jingine tena. Mzee ambaye hadi miaka sabini na minane aliweza kukutajia kipimo cha kiuno cha mteja aliyekufa zamani, akaondoka duniani akili imemtoka, anaomba pasi. Na yeye akamwambia lala, kama unavyombembeleza mtoto mchanga. Hakumsimulia mtu yeyote, hata shangazi.

Alilitandaza koti mezani. Lilikuwa la sufu nzito, rangi yake ilikuwa ya damu ya mzee kabla jua halijaila, na vifungo vya shaba vilibaki vinne. Shangazi alikwisha kuegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Fundi akachukua kiwembe, akaanza kufumua kiraka.

Uzi wa kwanza ulipotoka, mkono wake ulisita. Fundo la mwisho lilikuwa limezungushwa mara tatu na mkia wake kufichwa chini ya kitambaa. Kwa mafundi wote aliowafahamu, aliyefunga namna hiyo alikuwa mmoja tu. "Mshono mzuri haujitangazi," baba alikuwa akimwambia.

Kumbe baba alikwisha kukifungua kiraka hiki, akaona kilichomo, akakifunga tena.

Alikibandua. Ukingo wa tundu ulikuwa wa kahawia, mgumu, umekauka kama sukari iliyoungua. Risasi hukata nyuzi, haiziunguzi hivi. Akatia mkono ndani ya koti, akapapasa bitana, kitambaa cha ndani. Bitana ilikuwa nzima! Haikutoboka hata kidogo, ila ilikuwa na doa la kahawia lenye ncha, kama mdomo wa mashua. Alilitazama doa hilo kwa muda. Halafu akaenda mlangoni, akaiokota pasi ya mkaa ya zamani, ambayo siku hizi kazi yake ni kuzuia mlango, akaja kuishika juu ya koti. Ncha ya pasi ikalingana na ncha ya doa.

"Shangazi."

"Silali."

"Ni risasi gani hii iliyopasua koti, ikafika kwenye bitana ikaona haya?"

Shangazi akafungua jicho moja. Akaliona koti, akaiona pasi.

"Funga mlango," alisema. "Nilikuwa najiuliza utachukua miaka mingapi kuligundua. Baba yako alitumia dakika tano."

Akavuta stuli karibu na meza. Alipokuwa msichana mdogo alilala chumba kimoja na Bibi Dobi, na huko ndiko alikoyapata maneno haya, kutoka kinywani mwa mwenyewe.

Bibi na Babu Askari walikuwa na mwezi mmoja tu wa ndoa. Kesho yake kulikuwa na gwaride la ukaguzi, na Bibi alikuwa akilipiga koti pasi huku mumewe amekaa pembeni akimwigiza mkubwa wake anavyotembea, tumbo mbele, kidevu juu. Bibi alicheka hadi akasahau pasi ilipo.

"Koti la serikali hilo," shangazi alisema. "Na nguo za kambi nzima anafua yeye. Ikijulikana dobi kaunguza, nani atampelekea tena hata soksi? Bibi akalia. Babu akalitazama tundu, akasema, mama, hii ni risasi."

"Na mkubwa akakubali?"

"Thubutu! Kesho yake anaulizwa, askari, koti limetoboka, wewe mbona mzima? Akajibu, afande, lilikuwa limeanikwa kwenye kamba. Kambi nzima ikaangua kicheko. Alipewa siku saba za kuteka maji, akateka huku anapiga mluzi. Jina la Bibi halikutajwa. Basi wanawe wakakua, wakaona haipendezi risasi ipige nguo kwenye kamba, wakamvika Babu koti. Sisi wajukuu tukaongeza vita. Na yeye mwenyewe alikuwa akikaa tu, ananyamaza, anafaidi."

Fundi alicheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu ndani ya chumba kile. Shangazi naye akachangamka.

"Na akitaka chai, basi! Anajishika kifua. Mke wangu, risasi inaniuma. Na Bibi, popote alipo, anajibu: nikuletee pasi? Wazee wale! Wanacheka wawili, sisi tunashangaa. Nilipomwambia baba yako, siku anashona kiraka hicho, tukauchukua utani huo tukaufanya wetu. Miaka yote hiyo. Tukiwa wawili tu, anasema risasi, mimi namuuliza nikuletee pasi. Nikichelewa kujibu anaiomba mwenyewe, niletee pasi bwana, unangoja nini…"

Akanyamaza, kwa sababu binti wa kaka yake alikuwa amekaa chini sakafuni, kiwembe bado mkononi.

"Alisema hivyo," fundi alisema. "Siku ile. Aliomba pasi mara mbili. Nikamwambia alale. Nilidhani akili zimemtoka."

Shangazi aliinuka kwenye stuli. Aliinama akamtoa kiwembe vidoleni, akakiweka mezani mbali na koti.

"Zilikuwepo zote, mwanangu. Alikuwa anakutania."

"Na mimi sikujua jibu."

"Ungelijuaje? Hakukuambia, mkaidi yule. Aliogopa kuandika uongo asije akamkosea Bibi aliyenisimulia, akaogopa kuandika ukweli asije akamvua Babu koti la ushujaa. Akakuachia wewe." Alijipangusa macho kwa upindo wa kanga. "Haya, andika. Mimi nipo, hakuna atakayekugusa."

Fundi aliondoa kitambaa kwenye cherehani ya baba, akaliweka daftari juu yake, kwa maana meza ilikuwa imejaa koti. Akaandika kuanzia pale wino wa baba ulipokoma:

"Tundu hilo" ni la pasi ya Bibi. Aliliunguza kwa kuchekeshwa na mumewe. Babu alisema ni risasi ili mkewe asipoteze kazi, na hakubadili kauli hadi kufa kwake. Baba yetu alijua, akafunga kiraka.

Alimsomea shangazi. Shangazi alisikiliza, akasema aongeze zile siku saba za maji, watu wasije wakadhani ilikuwa mzaha mtupu. Akaziongeza. Kisha akakirudisha kiraka mahali pake, lakini alikishona upande wa juu tu, ili Jumamosi, kabla ya kioo, kila mtoto aweze kukifunua na kuona mwenyewe. Fundo akalizungusha mara tatu, mkia akauficha.

Shangazi alisimama kuondoka. Alipofika mlangoni aligeuka, akajishika kifua.

"Aa! Hii risasi leo inaniuma."

Fundi aliinua macho kutoka kwenye koti. Shangazi hakumsaidia. Alisimama palepale, mkono kifuani, akangoja.

"Nikuletee pasi?" fundi alisema.

"Niletee," shangazi alisema, akarudi kukaa. "Na sukari uweke vijiko viwili."