Matundu Matatu ya Shemeji

Bunduki ilikuwa nzuri mpaka inaudhi. Kilo mbili na nusu pamoja na darubini yake, mtutu mwembamba, kitako cha mbao kilichochongwa na mtu aliyeijua kazi. Fundi wa bunduki aliipandisha begani pale kwenye benchi lake, akaishusha, akaipandisha tena. Miaka ishirini alibeba machuma mazito porini mpaka magoti yakamwisha, na leo kitu kama hiki kimeangukia mikononi mwa mume wa dada yake, mtu anayefuta vioo vya darubini kwa ncha ya tai.

"Umeiona, shemeji?" mume huyo alimwambia fundi. "Naibeba kwa kidole!"

"Nimeiona. Ila bunduki nyepesi ina teke, na mtutu wake hupata moto haraka. Risasi yake huichagui kwa kusoma boksi. Unajaribu kila aina, tatu tatu, na kila ukipiga moja unasubiri mtutu upoe."

"Nimeshajaribu zote. Nimechukua zile nyepesi za kasi, za boksi jekundu. Kadi hii hapa, wewe weka saini tu."

Chama cha wawindaji kilikuwa na sheria moja ambayo fundi aliiheshimu. Haingii mtu porini mpaka alete kadi ya shabaha yenye matundu matatu, yaliyopigwa kutoka hatua mia moja, na yote yafunikwe na kizibo kimoja cha soda. Fundi akiridhika, anasaini. Sababu ya sheria hiyo ni nguruwe pori. Ukimpiga tumboni hafi. Anajichimbia kichakani na kukungoja, na anayetumwa kumfuata ni msoma nyayo. Msoma nyayo wa safari ya kesho alikuwa binti wa fundi mwenyewe.

Fundi aliitazama kadi. Matundu yalikaa pamoja kama mafiga, na hapo ndipo alipoanza kushuku. Asubuhi ileile, alipoachiwa bunduki hii aikague, alikuwa amezipiga nayo hizo hizo za boksi jekundu, kwa subira yote, na zikatawanyika hata sahani isingezifunika. Nzito za polepole ndizo zilizotulia.

Akaiinua kadi dirishani. Risasi ikipita kwenye karatasi hujifuta masizi na kuacha duara la kijivu ukingoni. Haya yalikuwa meupe pepe. Moja lilikuwa na mkwaruzo mweusi unaong'aa.

"Umetoboa kwa penseli," fundi alisema.

Shemeji akacheka. Hakuona haya hata kidogo. "Jua lilikuwa kali, bwana, na mtutu ule unachukua mwaka kupoa. Karatasi tu hiyo!"

"Na nguruwe ukimpiga hovyo?"

"Si yupo mtoto wako? Hodari yule, atamfuata. Ndiyo kazi yake."

Kinyaa kilimpanda fundi. Alimtazama shemeji yake, kucha zilizosuguliwa, viatu vya porini visivyowahi kukanyaga tope, akaona angeweza kumtapikia pale pale juu ya benchi. Mtu mzima, baba wa watoto, anakaa na penseli kumtobolea mtoto wa watu kaburi!

"Toka," alisema. "Toka na kadi yako, na dada yangu nitamwambia mwenyewe."

Shemeji akatoka huku anabamiza mlango. Binti akaingia baada yake, buti mkononi, anatafuta gundi ya kubandika soli.

"Mbona amevimba hivyo?"

"Kadi ni ya uongo. Ametoboa kwa penseli."

"Najua, baba. Nilimwona jana, anatobolea juu ya boneti ya gari lake."

Fundi akageuka. "Ulimwona, ukanyamaza? Na kesho ndiyo unaingia naye porini?"

Binti aliipata gundi, akaanza kuipaka kwenye soli bila haraka.

"Nilijua utasaini tu. Mwaka jana alileta kadi ya hivihivi, ukasaini unakunywa chai, hata hukuinua macho. Ukasema, huyu ni ndugu. Nililala kichakani na yule nguruwe aliyemjeruhi, saa tatu nzima, baba, namsikia anavyohema."

Alikandamiza soli kwa kidole gumba. Fundi hakujua auweke wapi uso wake.