Watano Walitimia

Mimi Sagini sina subira, na mvua ya mwaka wa tisini na saba ilinimalizia hata ile kidogo niliyozaliwa nayo. Alasiri moja hapa Boito, ukingo wa kilima uliporomoka ukaangukia nyumba ya kupikia ya jirani yangu, mama mzee Mkipsigis tuliyemwita Kogo, yaani bibi. Wajukuu wake walikuwa ndani wakiota moto. Yeye alikuwa amepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyauzia.

Tulichimba kwa majembe na mikono. Kogo alipofika akihema, nikamwuliza, "Watoto walikuwa wangapi ndani?"

"Watoto hawahesabiwi, Sagini."

"Kogo, watoto wako kwa matope! Sema tu namba!"

"Ukihesabu, unaambia kifo kichague. Chimba."

Nilikasirika. Nilimwona mshamba, Mungu anisamehe. Mimi ni mtu wa duka. Kitu nisichokihesabu naona kama hakipo.

Tukawatoa mmoja mmoja, wametapakaa matope lakini wazima. Nilijua wajukuu wake ni watano, basi nikahesabu mwenyewe, tena kwa sauti. "Wametimia!" nikapiga kelele. Watu wakaweka majembe chini. Ukuta uliobaki ulikuwa umeinama, na hakuna aliyetaka kukaa karibu nao.

Kogo hakunisikiliza. Alisimama kando ya kifusi akaanza kuita. "Chepkemboi! Noah! Benard! Cherotich! Kiplangat!" Kila mmoja akaitika kwa shida. Nikadhani amemaliza. Kumbe alikuwa anaita kila mtoto aliyezoea kula kwa sufuria yake, awe wake au wa jirani.

"Moureen!"

Moureen ni binti yangu. Nilikuwa nimemwacha nyumbani akichambua mboga.

Kogo akaita tena, na chini ya kifusi, upande wa kuni, sauti ndogo ikasema, "Niko hapa, Kogo."

Sikungoja jembe. Nilichimba kwa kucha mpaka nikamshika mkono nikamvuta. Alikuwa amechunika goti tu. Nikamkumbatia nikalia mbele ya watu, mwanaume mzima, wala sikuona haya. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia.

Mtu akauliza kama sasa wametimia. Nikafungua mdomo nihesabu, nikaufunga.

"Kogo," nikasema, "tafadhali, ita tena."

Akaita wote upya. Wakaitika, na Moureen aliitika kwa nguvu kuliko wenzake.