Habari Isiyosemwa kwa Simu

Kwetu Kara-Toru mtu haambiwi msiba kwa simu. Hata awe adui yako, hata awe yule aliyekuibia farasi, kama mama yake amefariki unatafuta wazee watatu mnakwenda kwake. Mmoja anakaa kulia kwake, mwingine kushoto, na yule mwenye ulimi anaanzia mbali: habari za mvua, habari za tai aliyezeeka, polepole, mpaka anafika. Neno likimfika, mikono ya watu iko tayari kumshika.

Sasa niambie wewe. Baba yetu, Sagynbai, alikufa mwezi wa sita, mguu mmoja uko kwenye kikuku cha farasi. Na mdogo wangu Burulkan alikuwa angani, kilomita mia nne juu ya vichwa vyetu, akiizunguka dunia mara kumi na sita kwa siku. Wazee gani wa kupelekwa huko?

Burulkan ni mwanaanga, lakini ukimwita hivyo atakukatiza akuambie yeye ni mtu wa barafu. Mambo hayo ameyarithi kwa baba. Baba alikuwa mpimaji wa kituo cha hali ya hewa enzi za Wasovieti, na kituo kilipofungwa aliendelea kupima bila mshahara, mkaidi kama nini. Kila Ijumaa alipanda kwenye barafu ya mlima wa Ak-Moyun, ambako fito tano zimezamishwa kwa kekee. Barafu ikiyeyuka ufito unazidi kujitokeza, naye anaandika daftarini umejitokeza sentimita ngapi. Burulkan alimfuata huko tangu ana miaka sita. Mimi nilibaki na kondoo. Akasoma Bishkek, mji wetu mkuu, akaenda Ulaya akawa daktari wa tabianchi, na siku moja akapiga simu kwamba kati ya maelfu walioomba kwenda angani wamechaguliwa watano, naye yumo.

"Anakwenda kufanya nini huko?" mke wangu Batma aliuliza.

"Kutazama barafu kwa juu. Ya kwa chini amemaliza."

Kijijini walinitania mwaka mzima. "Emilbek, dada yako anakwenda mbinguni, na wewe hata Naryn mjini unapotea!" Nilicheka nao, lakini iliniuma. Anayebaki nyumbani hapigwi picha.

Siku baba alipokufa nilipiga ile namba ya dharura tuliyopewa. Aliyepokea alikuwa mtu mpole, na mkalimani alitafsiri polepole.

"Kabla ya kuruka kila mmoja hujaza karatasi," alisema. "Akifiwa, aambiwe au asiambiwe. Dada yako hakuweka alama popote. Ameandika: kaka yangu ataamua."

Nilikaa chini palepale uani. Miaka kumi na tano hakuwahi kuniuliza hata aende nchi gani, leo ndiyo ananiachia hili!

Wazee wakakaa. Mkubwa wao, Mambetkul, mzee tunayemwita aksakal kwa heshima, aliyecheza na baba tangu utotoni, aliuliza jambo moja tu.

"Huko ana nani wa kumshika?"

"Wageni watano, aksakal."

"Wanajua kilio chetu?"

"Hawajui."

"Basi asubiri ashuke. Akikanyaga ardhi tutakwenda."

Batma alikuwa pembeni anakata nyama ya msiba. "Mtu mzima, amepanda roketi, mnamficha kama mtoto wa kunyonya! Njia ya mwongo fupi, Emilbek."

"Wewe kata nyama."

"Nakata. Ila Jumapili akipiga, utamtazama usoni mwenyewe. Mimi simo."

Nikaamua asiambiwe.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Wanawake walikaa ndani ya hema wameupa mlango migongo, wakaimba maombolezo, na mahali pa binti wa marehemu palikuwa wazi. Batma akaimba kwa niaba yake. Mimi nilisimama nje na fimbo, nikapokea watu, nikaonyesha farasi wafungwe wapi, nikauliza kama chai inatosha. Hata nafasi ya kulia sikupata. Tulipokwisha kuzika nikapita nyumba hadi nyumba kuomba mtu yeyote asiweke msiba mtandaoni, kwa sababu huko juu mtandao wanao.

"Hata picha ya sufuria?" aliuliza jirani yetu Zuurakan, ambaye hawezi kuchinja kuku bila kupiga picha.

"Hata ya sufuria, dada. Nakuomba."

Jumapili saa kumi simu ikalia. Uso wa Burulkan ulikuwa umevimba kidogo, kama nyuso zao zote huko, na nywele zimemsimama.

"Baike, hujambo?" Kwetu kaka mkubwa ni baike, na baba ni ata. "Ata yuko wapi?"

"Yuko juu malishoni. Mtandao haushiki."

"Namba ameziacha?"

Namba! Nilisahau kabisa kwamba kila Jumapili baba humsomea vipimo vya wiki. Nikalichukua daftari, nikafungua kurasa za wiki zilizopita, kwa sababu ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa wiki aliyokufa na moyo ulinikatalia. Nikachukua namba za zamani nikaongeza kidogo.

"Wa kwanza, ishirini na nane. Wa pili, ishirini na sita..."

Kalamu ikamponyoka, ikaelea; akaidaka. 

"Wa kwanza ishirini na nane?"

"Ndiyo."

"Haya, baike. Nimeandika." Akasema ana kazi, akakata.

Ikawa hivyo kila wiki. Nikawa fundi wa uongo: wiki ya jua kali naongeza, wiki ya mawingu napunguza. Yeye anashukuru na kuandika. Mara nyingine alinisimulia ya huko, kwamba jua linawachomozea mara kumi na sita kwa siku, kwamba kikombe ukikiacha kinakwenda zake. Mara moja alisema, "Hapa hakuna kona ya kukaa peke yako, baike, na bado mtu uko peke yako." Nikadhani analalamikia kazi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimebaki peke yangu. Uongo hauna mwenza. Batma Jumapili alikuwa hazungumzi nami hadi chakula cha jioni. Machweo mengine kituo chao kilipita juu ya zizi, nukta moja ing'aayo, dakika nne imekwisha, nami nilisimama katikati ya kondoo nimenyoosha mkono juu kama mjinga. Nilimkumbuka baba na sikuwa na wa kumwambia, maana nimewafunga watu wote midomo, na wangu kwanza.

Mwezi wa nane aibu ikanizidi. Nikasema angalau nimpe namba moja ya kweli. Nikamtandika farasi wa baba, anayeijua njia kuliko mimi, tukapanda. Nilipokuwa mtoto barafu ilifika kwenye mwamba mkubwa. Sasa kutoka kwenye mwamba ule ni mwendo wa saa nzima juu ya mawe matupu. Nilianzia juu, nikauona ufito wa tano, wa nne, wa tatu, wa pili, nikaupima kila mmoja. Wa kwanza nikautafuta mpaka nikaukanyaga. Ulikuwa umelala juu ya mawe makavu, na barafu karibu yake hakuna.

Nikatoa daftari. Nikaufungua ule ukurasa wa mwisho. Baba ameandika: "Ufito wa kwanza umeanguka. Hakuna barafu tena ya kupima hapo. Nimemwambia Burulkan leo Jumapili, amejua."

Amejua! Siku mbili baada ya ukurasa ule baba alikufa, na Jumapili iliyofuata mimi nikamsomea ishirini na nane za ufito ulioanguka. Na Jumapili zote baada ya hapo. Burulkan, anayegombana na maprofesa kwa nusu sentimita, aliandika bila neno. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu siku ile hakuuliza tena Ata yuko wapi.

Nilikaa kwenye mawe yale mpaka farasi akaanza kurudi nyumbani mwenyewe.

Jumapili nikajiandaa kusema. Sikulala vizuri, nikapanga maneno yangu, nikaanzia mbali kama wafanyavyo wazee.

"Burulkan, kuhusu namba. Ule ufito wa kwanza..."

"Soma tu, baike." Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nataka kukuambia kitu."

"Wazee watakuja kunipokea, sivyo? Aksakal Mambetkul atakuja?"

"Atakuja."

"Basi nitamsubiri. Soma."

Nikasoma. Wa kwanza, thelathini na moja. Akaandika. Tukaendelea hivyo Jumapili sita zaidi, mimi namwongopea kwa ajili yake, yeye anaupokea uongo kwa ajili yetu, kila mmoja anamtazama mwenzake usoni.

Alishuka mwisho wa mwezi wa tisa, kwenye nyika ya Wakazakh. Tuliendesha gari siku mbili, mimi na wazee watatu waliovaa kofia zao nyeupe za kalpak, hadi uwanja wa ndege wa Karaganda. Mambetkul alibeba chupa ya maziwa ya farasi, na daktari akamwambia mgonjwa haruhusiwi.

"Mgonjwa gani? Huyu ni binti yetu!"

"Dakika kumi, mzee. Ndege inamsubiri."

Wakamleta kwenye kiti. Shingo yake ilikuwa inayumba kama ya mwanakondoo wa leo asubuhi, na mikono imelala mapajani. Nikakaa kushoto kwake, mzee mwingine kulia. Mambetkul akaanza. Alianza na tai aliyezeeka, akaja kwenye mlima, akaja kwenye farasi aliyerudi bila mpandaji, machozi yanamtiririka kwenye ndevu, na hakuharakisha hata neno moja kwa sababu ya daktari.

"Baba yako Sagynbai, mwanangu, ametutoka."

Mikono yetu ilikuwa tayari. Burulkan hakulia. Wazee wakatazamana, maana binti asiyemlilia baba yake kwetu ni jambo zito.

"Asante kwa kuja, aksakal," alisema. "Nimeshamlia. Nililia kuanzia Jumapili ile ya kwanza, nimejizipia kwenye mfuko wa kulalia, nimeuma kitambaa ili wenzangu wasisikie. Miezi mitatu. Nimemaliza."

Akaigeuza shingo yake taratibu, mpaka akanipata.

"Baike. Na wewe nani alikushika?"

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kusema watu mia tatu walikuja na wote walikunywa chai. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwangu, na nikainamia mapaja yake. Burulkan akajaribu kuunyanyua mkono wake, akashindwa. Mambetkul akauchukua kwa mikono yake miwili, akauweka shingoni kwangu, na dakika zilizobaki nililia mimi.