Fundo kwa Nje

"Hapo washona gunia, mwanangu!"

Mwanakuu alisema hivyo kabla hajauzuia ulimi. Dzoro, mtumishi wa hospitali aliyekuwa akimshikilia mbuzi aliyelazwa kwa dawa, aliangua kicheko, kisha akakumbuka anayesemwa ni daktari, akajikohoza.

Daktari Jamaldin hakucheka. Ndani ya bakuli la maji ya chumvi na barafu ilikuwemo figo ya mbuzi yule, na mshipa wake mkubwa wa damu ulikuwa umechanika wakati wa kuitoa. Kila alipovuta uzi, mshipa ulijikunja ukaziba. Mbuzi wawili walishamfia katika banda lile nyuma ya hospitali. Mkubwa wake alisema wazi: huyu wa tatu akifa, banda lifungwe, na mambo ya kuhamisha figo yaachiwe Wazungu huko kwao.

Ndiyo maana alimleta shangazi yake kutoka mtaa wa Kuze. Miaka thelathini Mwanakuu alikuwa akishona kofia, yale matobo madogo yanayozungushiwa uzi, na hakuna tobo lake lililowahi kuziba. Lakini si sifa za kofia zilizomtoa nyumbani asubuhi ile. Ni Tumu, bintiye, aliyekufa kwa figo mwaka sitini na tatu, amevimba mwili mzima, siku nne bila tone la haja ndogo.

"Fumua," alisema. "Tobo hutiwa kijiti ndani, ukashona juu yake. Huna kijiti wewe?"

Jamaldin akafumua, akachukua mpira mwembamba uliochemshwa, akaupenyeza mshipani. Kisha akavitazama vidole vya shangazi yake, akamnyooshea sindano.

"Mimi?"

"Wewe, shangazi. Barafu yayeyuka."

Mwanakuu akanawa tena, koleo la kushikia sindano akalisukuma kando, akashona kwa vidole. Kabla ya mshono wa mwisho akauchomoa mpira, kisha akafanya afanyavyo mshona kofia yeyote mwenye heshima zake: akaanza kulificha fundo kwa ndani.

"Fundo nje!" Jamaldin alipiga kelele. "Ndani damu itagandia!"

"Nje litaonekana. Aibu hiyo!"

"Na lionekane!"

Akameza kiburi, akafunga kwa nje.

Jamaldin akairudisha figo tumboni, akaunga mishipa, akafungua vibanio vilivyozuia damu. Ilikuwa imepauka. Wekundu ukaanza kuingia kidogo kidogo, ukaenea yote.

"Haivuji!" Dzoro alisema. "Daktari, haivuji kamwe!"

"Bado mkojo," Jamaldin alijibu. Alikuwa ameacha ncha ya mrija unaotoa mkojo kwenye figo nje ya jeraha, ili waone.

Wakangoja. Mwanakuu akakinga kiganja chini ya ncha ile bila kuambiwa. Adhana ya adhuhuri ikaanza mjini. Ndipo tone moja la manjano, lenye joto, likamdondokea, likatiririka hadi kwenye mkono wa kanzu yake.

"Alhamdulillahi!" Jamaldin alimshika bega. "Shangazi, umeshatiwa najisi. Nenda ukanawe, ukaswali."

"Ngoja," alisema Mwanakuu, machozi yakimtoka, kiganja bado kimekingwa. "Ngoja kwanza, nione la pili."