Redio Kando ya Dira

Kwetu Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa anahamia kwa mkewe, analima shamba la mkewe, na mke akifa watu wanaanza kumtazama kama mgeni aliyesahau kuondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa nikiwa kijana, nikachimba matuta mpaka mgongo ukapinda, na ugeni haukuisha.

Yustina, mke wangu, alipofariki, ukoo wake ulinihurumia. Walisema fungu lake, la chini, nibaki nalo mpaka nife. Fungu la juu ni la mdogo wake, Martina. Zamani hakuna aliyejali mpaka unapita wapi. Lakini huu ulikuwa wakati wa ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Malori ya Kariakoo yalipanda hadi mwisho wa barabara kufuata kabichi, na kila tuta likawa na bei. Gervas, mume wa Martina, akataka mpaka upimwe. Naye ni mkwe tu kama mimi, ila wake yu hai.

Swali lilikuwa moja: nyumba yangu iko fungu gani? Ikiwa la juu, basi nifungashe virago nishuke Mlali kwa ukoo wa mama yangu, ambako hata mbwa hawanijui.

Mpima alikuwa Athanas, kijana wa mjini aliyepunguzwa kazi serikalini, sasa anajitegemea na dira yake. Aliniamkia shikamoo, akaisimamisha dira kwa miguu yake mitatu juu ya jiwe la mtoni, akangoja sindano itulie. Mpaka ulijulikana tangu enzi za mapadri: kutoka jiwe lile, nyuzi sabini na mbili, moja kwa moja hadi mgongo wa kilima. Gervas alikuwa huko juu na fimbo ya mistari myekundu na myeupe. Jiweni tulibaki watatu: Athanas, Martina na mimi.

Nilisimama karibu na dira, koti nimelifunga kwa baridi. Ndani ya koti kulikuwa na redio. Tangu Yustina aondoke siendi popote bila redio. Siiwashi kila mara, betri ni ghali, lakini uzito wake kifuani unanisaidia. Watu wanaiita mke wa pili. Waseme. Wao hawajalala kwenye nyumba ambayo sauti pekee ni kikohozi chao wenyewe.

Athanas alichungulia, akapunga mkono: kushoto, kushoto tena, hapo hapo! Fimbo ikachomekwa upande wa juu wa nyumba yangu. Nyumba ilikuwa fungu la chini. Nilishusha pumzi.

Kijana hakuridhika. Alipanda na dira hadi kwenye fimbo, akalipima jiwe kutokea kule, akarudi anahema na kuisimamisha tena pale pale.

"Kwenda ni sabini na mbili," alisema. "Kurudi huongezwa nusu duara, nyuzi mia na themanini, kwa hiyo ingekuwa mia mbili hamsini na mbili. Nimepata mia mbili arobaini na tano. Hapa jiweni kuna chuma kinavuta sindano."

Martina akaweka panga lake mbali, nami langu. Sindano ikabaki pale pale.

"Hakuna kingine? Hata redio, maana spika yake ina sumaku."

Martina alilitazama koti langu lilivyovimba. Aliijua redio ile, kila mtu mlimani aliijua. Kisha akaitazama nyumba, ambayo mstari ukisogea ingekuwa yake.

"Hakuna, mwanangu," alisema. "Labda ni jiwe lenyewe."

Nilishtuka. Miezi yote ile niliamini wananihesabia siku, na kumbe mmoja wao alikuwa tayari kupoteza nyumba ili nibaki. Gervas ningemnyamazia bila haya yoyote. Martina nilishindwa. Nilivua koti, nikaenda kuliweka kwenye nyasi ng'ambo ya kijito, redio ikiwa ndani.

Sindano ikajivuta taratibu. Fimbo ikahamia kulia, ikashuka, ikasimama chini ya nyumba, chini hata ya jiko.

"Imekuja kwetu!" Gervas alipiga kelele kutoka juu.

"Fungu la juu ni la nani?" Martina alimuuliza Athanas.

"Lako, mama."

"Basi na nyumba ni yangu, na shemeji anakaa humo." Akamgeukia Gervas na kupaza sauti hata ndege wakaruka. "Umesikia? Anakaa humo!" Kisha akaniambia mimi, kwa hasira, "Na wewe, mkaidi, si nilikuwa nimeshasema hakuna?"

Siku ya mazishi sikutoa chozi, watu wakanisema sana. Pale nilikaa juu ya jiwe nikalia kama mtoto mbele ya kijana wa watu. Ilikuwa habari njema ya kwanza tangu Yustina afe, na mtu niliyetaka kukimbia kumwambia ni yeye.