Kuzima Nusu kwa Nusu

Usiku wa jana nililala na hasira zangu, nikaota kihariri changu kimenijia chumbani. Ni programu ninayoandikia tafsiri za watu, na miaka sita nimeipanga mwenyewe, hadi vitufe. Juzi nilinakili mistari ya mtu nisiyemjua nikaipachika kwenye mipangilio yangu. Tangu hapo kila ninachohifadhi kinafutika. Ndiyo kuiga tembo huko.

Kishale, kile kinachopepesa pale unapoandika, kimekaa ukingoni mwa kitanda. Kinanikumbusha dawa: zima nusu ya mistari, jaribu, kosa likibaki, limo kwenye nusu iliyo hai, nayo igawe, hadi ubaki mstari mmoja. Nakijibu kwamba hiyo ni kazi yangu ya kila siku, kisinifundishe.

Nafungua faili la mipangilio. Ndani mna ua wa kwetu Muheza, na ndugu kumi na sita wamepanga foleni.

“Hii ndiyo mistari yako,” kishale kinasema. “Weka nukta mkato kwenye paji la uso. Aliyewekwa hasomwi.”

Shemeji Mhina ananisema kuhusu kuolewa. Namchora nukta mkato. Mdomo unaendelea, sauti hakuna. Sisemi uongo, niliona raha.

Nazima wanane, nahifadhi, ukurasa unafutika. Nazima wanne wengine. Unafutika. Wawili tena. Raha imekwisha. Wamebaki hai wawili: Mama, na mimi mwenyewe, kumbe nami nilikuwa kwenye foleni.

“Weka kwangu, mwanangu,” Mama anasema. “Wewe una kazi ya watu.”

Wala sikubisha. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Nikamchora haraka, nikahifadhi, na ukurasa ukafutika.

Basi kosa ni mimi. Nanyoosha kidole nifute alama ya Mama, nayo inatoka vizuri, lakini yeye bado kimya.

“Hujahifadhi,” kishale kinasema.

Nikihifadhi, anafutika. Nisipohifadhi, anabaki hivyo.

Nimeamka jasho linanitoka, nikapiga simu Muheza. Amepokea mdogo wangu, Kidawa. Nikamuuliza Mama yu hali gani.

“Mzima, kaamka, kanywa na uji. Ila tangu asubuhi anachezesha midomo tu, dada, hatumsikii. Hebu ongea naye wewe.”

Akampa simu. Nikasikia pumzi yake.

Nikasema shikamoo, Mama. Nikangoja.