Hajafaulu

Kaka yangu alifika kwenye bwawa la mazoezi akiwa na pamba katika sikio la kushoto, nami niliiona. Nalitaja hili mapema ili nisije nikadai kwamba hasira yangu yote ilikuwa juu ya wengine.

Kazi yangu ni kuwafundisha wafanyakazi wa kivuko namna ya kubaki hai wakianguka majini. Simfundishi mtu mbio wala madaha. Namfundisha kulala chali, masikio ndani ya maji, kifua juu, apumue taratibu mpaka msaada umfikie. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Darasani kwangu methali hiyo ni marufuku, kwa kuwa anayetapatapa huchoka, na anayechoka huzama. Kila baada ya miaka miwili nawapima wote, na kila mmoja namjazia fomu yenye visanduku viwili: Amefaulu, Hakufaulu. Atakayetiwa tiki katika cha pili huondolewa kivukoni.

Kaka ni fundi wa injini. Wenzake humwita Nondo.

"Nondo, leo utaelea kweli?" mmoja wao alimchokoza.

"Nondo haielei, lakini bila nondo ghorofa lenu liko chini," akajibu, nao wakacheka.

Nilimsogelea. "Kaka, hiyo pamba ya nini?"

"Maji ya kuoga yaliingia juzi. Yatakauka."

"Linatoa usaha?"

Akawatazama wenzake kwanza, kisha mimi. "Mdogo wangu, sikio halizidi kichwa."

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Akaichomoa pamba, akaitupa kwenye pipa la taka, akapanda jukwaani. Hapo ndipo nilipopaswa kumzuia. Lakini huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mfereji uliofurika, kila asubuhi ya masika, nikiwa darasa la kwanza. Nikapuliza filimbi.

Akaruka. Maji yalikuwa baridi. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, nikikisubiri kichwa chake, nacho hakikutokea. Nikainama. Nikaona jambo ambalo kwa miaka kumi na mmoja ya kazi sijapata kuliona: mwanamume mwenye nguvu zake, anapiga mikono safi, miguu imenyooka, anaogelea moja kwa moja kuelekea chini. Hakuwa akitapatapa. Alikuwa na hakika. Viganja vyake vilipapasa vigae vya sakafu kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango gizani.

Nilijitosa na viatu vyangu.

Ukingoni alitapika, macho yakimchezacheza kushoto na kulia. Kiwambo cha sikio kikitoboka, maji baridi hupenya hadi karibu na mahali panapoutunzia mwili mizani yake. Hapo juu na chini hupoteza maana, na mwogeleaji hodari huzama kwa uhodari wake mwenyewe.

"Niliteleza," alisema alipopata sauti.

"Uliogelea kwenda chini."

"Tia tiki, yaishe."

Katika chumba cha kubadilishia nguo nilimhoji kama askari. Ndiyo, lilikuwa likimwasha tangu mwaka jana. Ndiyo, alilikuna kwa kifuniko cha kalamu. Ndiyo, lilipoanza kuuma, rafiki mmoja alimtilia spiriti. Na spiriti ilipomchoma, mkewe akampashia mafuta, akamtilia.

"Na ukipenga kamasi?"

Alitabasamu, Mungu amsamehe. "Upepo hutoka sikioni. Hupiga mluzi. Watoto wanaupenda sana, wanauita filimbi ya baba."

Nilipiga mlango wa kabati kwa ngumi. Mwanamume mzima ana tundu kichwani, amelifanya mchezo wa sebuleni!

Meneja wa wafanyakazi alitaka orodha kabla ya saa nane. Alitukuta ofisini kwangu, nguo zangu bado zinachuruzika kwenye kiti.

"Mwalimu, huyu ni ndugu yako," alisema kwa upole wa kuudhi. "Nondo tunamhitaji. Weka tiki tu, sisi hatuna neno."

"Ndiyo maana neno ninalo mimi. Umeona alichofanya?"

"Sikuona. Wala sihitaji kuona."

Kaka akaipiga meza kwa kiganja. "Nimekulea! Nilikubeba, viatu vyako nikavining'iniza shingoni visilowe! Leo ukiandika hakufaulu, miaka yangu kumi na tisa unaizamisha wewe, kwa kalamu!"

"Na nikiandika amefaulu, siku ukianguka kule mtoni nani atakufuata chini? Huyu?" Nilimnyooshea meneja kidole. "Huyu hata viatu hatavua!"

Niliishika kalamu. Kuandika amefaulu kungekuwa kumzika. Lakini hakufaulu nalo, nililitazama, lilikuwa uongo pia. Lilifunga mlango ambao daktari wa masikio hajaugusa. Nikachora kisanduku cha tatu kwa mkono, kimepinda kidogo, nikakiandika jina, nikakitia tiki. Hajafaulu.

Meneja aliigeuzageuza ile karatasi. "Kisanduku hiki hakipo."

"Sasa kipo."

"Kanuni inasema wazi: ambaye hakufaulu, aondoke."

"Isome vizuri. Haikusema lolote kuhusu ambaye hajafaulu."

"Mwalimu, unacheza na maneno."

"Wewe ulikuwa tayari kucheza na mtu!"

Nikazikusanya fomu zote kumi na mbili, nikazikalia. Nikamwambia hatapata sahihi hata moja mpaka Nondo apewe kazi ya nchi kavu, atibiwe, kisha apimwe upya. Tulizozana hadi saa nane ikapita. Hatimaye akaandika barua, akibonyeza kalamu hadi karatasi ikachanika: miezi mitatu karakanani.

"Karakanani?" Kaka alisimama. "Nikachambue bolti na wanagenzi?"

"Utazichambua ukiwa hai."

Alitoka bila kuniaga. Kesho yake shemeji, yaani mkewe, ndiye aliyemburuta hadi zahanati. Mimi niliwafuata bila kualikwa.

Muuguzi alisokota pamba ikawa utambi mwembamba, akaupenyeza sikioni kunyonya usaha, akautupa, akasokota mwingine. Alikuwa mkali kuliko mimi. Asitie mafuta, asitie spiriti, asiingize kifuniko cha kalamu wala kijiti cha kiberiti. Akioga, aweke mlangoni mwa sikio pamba iliyopakwa vaselini, na aitoe akimaliza. Majini asiingie mpaka tundu lionekane limeziba.

Kaka alijaribu kugeuka ili anipe kisogo.

"Tuliza kichwa, mzee," muuguzi alimkemea. "Leo sikio ndilo lenye kauli."

Shemeji aliziba mdomo kwa kiganja ili asicheke. Mimi sikuweza kucheka. Utambi wa tatu ulitoka, kisha wa nne, na wa nne ulikuwa na damu.

"Sijakusamehe," Kaka alisema, akiutazama ukuta.

"Nimesikia," nikamjibu. "Na mimi sijakusamehe."